Barua ya Wazi kwa Wauguzi na Wakunga Wapya: Wageni Wakishaondoka Wodini

Wanangu,

Hongereni kwa kupangiwa vituo. Wengine mmepelekwa zahanati ambazo ukishashuka kwenye basi bado una safari ya bodaboda, wengine mko hospitali za mikoa ambako wodi ya wazazi hailali. Popote mlipo, nawaandikia kama mama na kama mkunga mstaafu juu ya jambo ambalo chuoni sisi hatukufundishwa, na sidhani kama ninyi mmefundishwa: namna tunavyobadilika tukijua kuna mtu anatutazama, na tunavyorudi kuwa wale wale akishatupa mgongo.

Mtaliona mapema. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, anapigiwa simu kwamba kesho timu ya halmashauri inakuja kwa usimamizi shirikishi, au kuna wageni kutoka wizarani. Jioni hiyo hiyo deki linapigwa hadi uvunguni mwa vitanda. Shuka zilizokuwa zimefungiwa stoo zinatandikwa. Ndoo yenye koki inajazwa maji na sabuni inawekwa pembeni, sabuni ambayo wiki nzima tuliambiwa imeisha. Asubuhi kila mtumishi ana kitambulisho kifuani, na mjamzito anakaribishwa, "Karibu mama, kaa hapa upumzike," na mtu yule yule aliyemwambia jana, "We, sogea huko!" Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa siku hiyo moja mwenyeji hupona kwelikweli. Keshokutwa shuka ziko stoo.

Siwasemi watu hao kwa ubaya. Wengi wao ni wachapakazi, wamebeba zamu za watu wawili. Hii ni tabia ya binadamu, na imepimwa, tena hapa hapa kwetu. Watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu waliwafuatilia waganga wa wagonjwa wa nje mkoani Arusha na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006. Njia yao ilikuwa rahisi. Mgonjwa akitoka chumba cha mganga waliongea naye: Je, alikuuliza ugonjwa ulianza lini? Alikupima? Alikueleza una tatizo gani na dawa utazitumiaje? Waliwauliza hivyo wagonjwa waliotibiwa kabla timu haijaingia chumbani, kisha wakawauliza na wale waliotibiwa mtafiti akiwa ameketi pembeni anaandika. Mara tu mtafiti alipoingia, huduma ilipanda. Mganga ni yule yule, chumba kile kile, foleni ile ile. Halafu ikaanza kushuka, na ilipofika kati ya mgonjwa wa 10 na wa 15 ilikuwa imerudi pale ilipokuwa kabla ya wageni.

Someni tena hapo, wanangu. Wengi huichukua habari hii kama aibu ya waganga wetu. Mimi naichukua kama habari njema iliyofichwa ndani ya habari mbaya. Mganga yule hakupelekwa semina, hakuongezewa mshahara, hakuletewa kifaa kipya. Kwa hiyo yote aliyoyafanya mbele ya mgeni alikuwa anayaweza tangu mwanzo. Tuna haki ya kulalamika kuhusu watumishi wachache, glovu zinazoisha na umeme unaokatika mtoto akiwa njiani. Lakini ipo sehemu ya huduma mbovu ambayo haitokani na upungufu wowote, na hiyo ndiyo iko mikononi mwenu kuanzia siku ya kuripoti. Kumuuliza mama jina lake hakusubiri bajeti ya mwaka ujao.

Jambo la pili katika matokeo yale ni kwamba mgeni anazoeleka haraka mno. Mgonjwa wa 15 katika zahanati yenye watu hafiki hata saa sita mchana. Kama kujizuia kwako kunategemea mtu wa pembeni, basi huwa kumekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Msidhani ni sisi tu. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha walichokiona baada ya kufunga vifaa vya kuhesabu kwenye mitungi ya sabuni na vitakasa mikono vya hospitali. Mkaguzi alipokuwa anaonekana kwenye korido, mitungi ilitumika kama mara tatu ya pale ambapo hakuonekana. Huko sabuni haikosekani, na kila mtumishi anajua kwa nini ananawa. Kwa hiyo mkiona chati ukutani inayosema wodi yenu inanawa mikono vizuri kwa asilimia kubwa, jiulizeni nani alikuwa anahesabu, na kama alikuwa amevaa koti jeupe na kushika ubao wa kuandikia.

Hata picha tu imewahi kusemwa kuwa inatosha. Katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, watumishi walikuwa na mahali pa kujimiminia chai na kahawa, kila mtu akitumbukiza pesa mwenyewe kwenye sanduku. Watafiti wakawa wanabandika juu ya bei picha ya maua wiki moja, na picha ya macho ya mtu wiki nyingine. Mwaka 2006 wakatangaza kwamba wiki za macho watu walilipa karibu mara tatu ya wiki za maua. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Lakini wengine waliojaribu mambo ya namna hiyo baadaye hawakupata matokeo yale yale kila mara, na mimi sishangai. Bango la ukutani linazoeleka kuliko hata mgeni. Wodini kwetu mabango ya kunawa mikono yamejaa, na mtu anapita chini yake na mikono mikavu.

Sasa niseme linaloniuma zaidi, maana hapa kutazamwa hakumfanyi mtu awe mwema hata kwa muda. Kunamfundisha kupika taarifa.

Mnaijua patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama. Madaktari Philpott na Castle waliitengeneza wakiwa Harare, Zimbabwe, enzi hizo ikiitwa Salisbury, na kuichapisha mwaka 1972. Waliweka ule mstari wa tahadhari kwa ajili ya mkunga aliye mbali na hospitali, ajue mapema kwamba uchungu hauendi na mama apewe rufaa kabla mambo hayajaharibika. Yaani karatasi ile ilibuniwa kwa ajili ya mtu kama wewe, uliye peke yako usiku. Kila nusu saa unasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Kila nusu saa unahesabu uchungu ndani ya dakika 10. Kila baada ya saa 4 unapima njia ya uzazi imefunguka kiasi gani na presha ya mama ikoje. Unaandika, unaunganisha nukta, unatazama mstari.

Nimekaa katika vikao vya kujadili vifo vya wazazi na watoto wachanga, patografu zikizungushwa mezani kutoka mkono hadi mkono. Iliyopikwa haihitaji mtaalamu kuitambua. Kalamu ni moja kuanzia juu hadi chini, wino haukubadilika ingawa zamu ilibadilika. Mapigo ya mtoto ni 140, 140, 142, 140, usiku kucha, kama saa ya ukutani. Nukta za njia zinapanda sambamba na mstari kana kwamba zimepigwa kwa rula. Iliyojazwa kwa kweli ina dalili za kazi. Wino wa bluu halafu mweusi. Doa la dawa ya kusafishia kwenye kona. Mapigo 136, halafu 124, halafu 150. Namba iliyokatwa mstari mmoja na kusainiwa, na mahali fulani nusu saa imerukwa na pembeni pameandikwa: "Nilikuwa na mama wa kitanda cha tatu anajifungua." Hiyo ya pili ndiyo inayookoa. Ikitokea shida, anayeingia zamu anajua nini kilifanyika na nini hakikufanyika.

Kwa nini mtu ajaze patografu mama akiwa ameshajifungua na anakunywa chai? Kwa sababu kila anayekuja kukagua anatazama kama imejaa. Haulizi imejazwa lini. Hamuulizi mama kama alisikilizwa. Basi mtumishi anajifunza kumridhisha mkaguzi, na karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya uhai wa mtoto inageuka kuwa ya kujikinga. Ndivyo ilivyo hata kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za kituo, mwisho wa mwezi, mnapowakuta watu wameinama mezani wanapatanisha hesabu. Wanangu, msipike data. Pengo lililoachwa wazi linaweza kuulizwa na kuelezwa, namba ya uongo inamdanganya kila atakayefanya uamuzi baada yako.

Hapa nawageukia kidogo waganga wafawidhi na wauguzi viongozi, nikijua baadhi yao watasoma. Mkimfokea mtumishi kijana mbele ya wagonjwa kwa sababu ameacha pengo, mwezi ujao hamtaona pengo. Mtaona 140, 140, 142. Mficha uchi hazai, na kituo kinachowaogopesha watumishi wake kinaficha mambo hadi siku maiti inapotoka. Ukaguzi wa kweli ni kukaa na kijana huyo kando ya kitanda cha mama, mkamsikiliza mtoto aliye tumboni wote wawili na fetoskopu moja, kila mmoja akaandika alichosikia kabla ya kumwonyesha mwenzake. Saa moja ya namna hiyo ina faida kuliko fomu nzima ya alama za vema.

Narudi kwenu vijana. Kuna kutazamwa kwa aina nyingine kunakowatesa mnapoanza, nako ni kule kwa mikono kutetemeka. Unatafuta mshipa wa mtoto, bibi yake amekusimamia kichwani, wanafunzi wawili wako nyuma, daktari anapita mlangoni. Mshipa uliouona sasa hivi unapotea. Usiku unajiambia hukuumbwa kwa kazi hii. Sivyo. Mwanasaikolojia Robert Zajonc aliandika mwaka 1965 kwamba mbele ya watu tunafanya vizuri zaidi yale tuliyoyazoea, na vibaya zaidi yale tunayojifunza. Watafiti wa Marekani walikuja kuwasimamia wachezaji wa biliadi, wakaona hodari wakipanda kutoka asilimia 71 ya mipira kuingia hadi 80, na dhaifu wakishuka kutoka 36 hadi 25. Kwa hiyo yule muuguzi mkongwe anayeweka kanula mshipani huku anapiga soga na ndugu wa mgonjwa hakuzaliwa tofauti na wewe. Mikono yake imezoea, basi.

Dawa ya hilo ni kufanya mazoezi pale ambapo hakuna anayehukumu. Nchi yetu ina ushahidi mzuri. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga apumue yalipoanza katika hospitali 8 za Tanzania, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, na matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Lakini Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, waligundua jambo la kuzingatia. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya watumishi wawe hodari kwa mwanasesere wa mazoezi, ila chumba cha kujifungulia kilibaki kama kilivyokuwa. Walipoanza kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini, ndipo vifo vikapungua. Kama mwanasesere huyo yuko kituoni kwenu, na mara nyingi yuko kabatini ndani ya boksi lake, mtoeni. Dakika 10 kabla ya kupokea zamu: kausha, mpe joto, sugua mgongo, puliza kwa ambubagi, ule mfuko wa kumpa mtoto hewa, kabla dakika ya kwanza haijaisha. Rudieni mpaka mikono ifanye yenyewe. Siku mtoto wa kweli atakapotoka kimya, macho yote yaliyo chumbani yatakupa nguvu badala ya kukuvuruga. Na mkikua kazini, msikusanye umati kumzunguka mwanafunzi anayechoma sindano yake ya kwanza. Abaki mtu mmoja, anayemwongoza kwa sauti ya chini.

Mtaniuliza: kama jicho la mkaguzi halidumu na jicho kali linazaa uongo, tufanyeje? Jibu langu ni kuchagua macho yenye faida na kuyaweka karibu na kazi, yasiwe ya kusubiri gari la halmashauri.

La kwanza ni la ndugu wa mama. Tumezoea kumfungia nje ya geti mama mkwe au dada mtu, eti wodi imejaa. Mkoani Kigoma vituo kadhaa viliwaruhusu wanawake kuwa na msindikizaji wakati wa uchungu, na wanawake wakasema walihudumiwa kwa heshima zaidi. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha pia kwamba mama aliye na mtu wa kumshika mkono muda wote hupata uchungu mfupi na hupasuliwa mara chache. Najua vyumba vyetu ni vidogo. Pazia la kanga kati ya vitanda linawezekana, na kituo kinachoamua hupata njia. Msindikizaji hakuja kukuchunguza. Anasugua mgongo, anampa mama maji, anakuita damu ikizidi. Ila si rahisi kumtukana mtu mbele ya mama yake, na hutamtukana.

La pili ni la mwenzako. Makabidhiano ya zamu yafanyike kitandani kwa mgonjwa, siyo mezani juu ya daftari. Mkiwa wawili mbele ya mama, mmoja anasema, "Presha ilikuwa hivi saa nne," na mwingine anafunga mkono anapima hapo hapo. Hakuna anayeonewa. Mmezoeana, mnasahihishana, na mama anasikia habari zake mwenyewe.

Kuhusu jicho la simu nitakuwa mkali. Siku hizi baadhi yenu mnajirekodi wodini, mmevaa glovu, mnacheza, mama mgonjwa anaonekana nyuma. Mtu anayewaza watazamaji wa mtandaoni amegeuza uso kutoka kitandani, na siri ya mgonjwa imetoka bila ridhaa yake. Simu ibaki kwenye begi.

Halafu kuna saa tisa usiku. Umebaki wewe na mhudumu mmoja, ndugu wamelala nje kwenye mikeka, mfawidhi amezima simu. Nusu saa imefika ya kusikiliza mapigo, na miguu inauma. Hapo hakuna jicho la mtu. Sina cha kuwapa isipokuwa kile ambacho wengi wenu tayari mnacho. Mtu aliyefunga Ramadhani huingia msalani peke yake adhuhuri, jua kali, koo limekauka, akatawadha, maji yakawa mdomoni, akayatema. Angeyameza, asingejulikana na yeyote. Hakuanza kuwa hivyo ukubwani. Alianza na saumu za nusu siku akiwa mtoto, akazoea kidogo kidogo mpaka kuyatema ikawa ndiyo rahisi. Sisi waumini tunasema Mungu anatuona, na ndivyo ninavyoamini kwa moyo wangu wote. Lakini nimefanya kazi na watu wa dini zote, na wasio na dini, waliokuwa hawahitaji kusimamiwa. Huko huko Arusha, waganga waliogawana pesa kwa ukarimu katika mchezo wa watafiti walionekana pia kuwahudumia wagonjwa kwa bidii zaidi. Watu wa namna hiyo wapo katika kila kituo. Watafuteni wiki ya kwanza, mfanye nao zamu, kwa sababu tabia ya kazi mnaipata kwa mtu wa pembeni kuliko kwenye mwongozo.

Na zoezi la kuanzia ni dogo: andika saa halisi. Umesikiliza saa tisa na dakika ishirini, andika hivyo, siyo saa tisa kamili. Hukusikiliza, andika hukusikiliza na kwa nini. Mkono uliozoea kuandika kweli usiku hauwezi kupika asubuhi bila kujisikia vibaya.

Limebaki moja. Macho wodini hayagawanywi sawa. Mke wa mkubwa ana macho mengi: amepigiwa simu, ametembelewa na mfawidhi, ndugu zake wamejaa na chupa za uji. Binti wa miaka kumi na saba aliyeletwa na bodaboda na kuachwa, ambaye aliyempa mimba hajulikani na nyumbani wamemkatalia, hana mtu nje wa kuuliza anaendeleaje. Ukimchelewesha hakuna atakayelalamika. Ukimjibu vibaya, hana wa kumwambia. Kwa miaka yote niliyofanya kazi, wa namna yake ndiye aliyekuwa anafikiwa mwisho, na mara nyingi ndiye aliyekuwa na presha ya juu ambayo haikupimwa. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Kila mtu alikuwa anafuata macho yalipo.

Kwa hiyo mkipokea zamu, kabla ya kuuliza nani ni ndugu wa nani, ulizeni nani hapa amekuja peke yake. Muanzie huyo. Mpimeni presha, msikilizeni mtoto wake, mwandikieni saa, mwambieni majina yenu ili ajue wa kumwita. Kisha endeleeni na vitanda vingine.

Nawatakia kazi njema na afya.

Mama yenu,
Mkunga mstaafu, Tanga